Mwaka wa Kuanika na Kuanua

Zuhura alipoleta salamu kwamba anakuja kunitazama, jambo la kwanza nililofanya ni kuanika nazi. Sikuwa na haja nazo. Mafuta ya kujipaka ninayo tele, na mchuzi wa mtu mmoja unataka nazi ngapi? Lakini nilizinunua hivyo hivyo, nikazipasua mwenyewe kwa panga na mkono wangu huu unaouma, nikazimwaga maji, nikazipanga uani nyama ikitazama juu kama tulivyofundishwa. Kisha nikavaa kanga mpya nikakaa kumngoja. Nilitaka azikute. Nilitaka akivuka kizingiti tu aone nani kati yetu alibaki na uwanja. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, wajukuu wameoa, na bado! Meno yameniacha, macho yananiaga, lakini wivu wangu kwa Zuhura uko palepale, mzima wa afya.

Aliingia kabla ya adhuhuri na mananasi ya Kiwangwa kikapuni, anapumua kwa shida. Tukakumbatiana, tukalia kidogo, tukacheka kidogo, tukaulizana habari za waliokufa. Mumewe alikuwa amekufa miezi kadhaa nyuma. Eda ilikuwa imekwisha, ndiyo maana alipata nafasi ya kutembea. Nikamtandikia mkeka kwenye baraza ya nyuma, nikamwekea chai na vitumbua. Akazitazama nazi zangu kitambo, akatabasamu.

“Bado unaanika, dada Tatu?”

“Naanika.”

“Na nani anakuita siku hizi, wingu likija?”

“Haniiti mtu. Wala hajapata kuniita mtu.”

Akacheka mpaka chai ikamwagika mkekani. Alidhani natania. Nikainuka kutafuta kitambaa cha kufutia, na nilipokuwa nimeinama nafuta, mwaka ule wote ukanirudia na harufu yake.

Sitaki kusimulia tulifikaje kwa Shangazi Mwajuma, nani alikufa na nani aliachika mpaka mabinti wa ndugu wawili tukalala kitanda kimoja. Hayo ni maneno ya matangani. Ninalotaka kulisema ni la mwaka mmoja tu, ule ambao vita vya pili vilikuwa vimekwisha na kanga zimeanza kuonekana tena madukani. Mimi nilikuwa nimevunja ungo, Zuhura alikuwa bado kidogo. Nyumba ya Shangazi ilikuwa pembezoni mwa Bagamoyo, pale nyumba zinapokwisha na minazi inapoanza. Chumba chake kilinukia udi. Chetu kilinuka mbata. Kila kitu chetu kilinuka mbata: shuka, nywele, hata maji ya mtungini. Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja wa udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu, umezungushiwa ua wa makuti. Upande mmoja ulikuwa na mlango wa jikoni, upande wa pili mlango wa uchochoroni, na mwisho wake kulikuwa na banda lenye mlango wa mbao na kufuli. Ufunguo wa kufuli hilo Shangazi aliufunga kwenye pindo la kanga yake, na alilala nao.

Asiyeijua mbata nitamweleza. Nazi hufuliwa, hupasuliwa, huanikwa juani katika vifuu vyake mpaka nyama ijikunje na kubanduka. Kisha hukaushwa tena mpaka ukiivunja inalia. Wakati ule ilitakiwa sana kwa sabuni. Ikipata jua inatoka nyeupe, na mnunuzi anaichukua huku anachekelea. Ikinyeshewa ingali mbichi inateleza, inaota ukungu, inakuwa nyeusi. Basi mtu atasema, ukiona wingu si uanue tu, uingize bandani yaishe? Ehe! Kuanua uwanja ni kazi ya kuvunja mgongo, pakacha baada ya pakacha, na kuianika upya ni kazi nyingine. Tena mbata mbichi ikirundikwa bandani inatoa jasho, inapata moto, inavunda kwa ndani wakati wewe unajisifu kwamba umeiokoa. Ukianua bure umepoteza. Usipoanua mvua ikaja, umepoteza. Na kila siku inakubidi uamue, siku nyingine zaidi ya mara moja, tena upesi, maana wingu halikungoji umalize kufikiri.

Shangazi aliukata uwanja katikati kwa mstari wa vifuu. Upande wa jikoni akampa Zuhura, wa uchochoroni akanipa mimi. “Kila mtu na wake,” alisema. “Sitaki kusikia nilidhani, nilidhani.” Na sheria yake ilikuwa hii: aliyeozesha upande wake anakula chukuchuku mpaka atoe mbata nyeupe. Mtu wa mbali na pwani hawezi kuijua adhabu hii. Chukuchuku ni chakula cha maji na chumvi, bila hata tone la tui. Wali mkavu, samaki wa kuchemsha, mchicha unaonuka shamba. Katika nyumba iliyozungukwa na minazi, nazi zimejaa mpaka mlangoni, wewe unakula chukuchuku, na mwenzako mbele yako, mkeka uleule, anamega wali wa nazi na mchuzi mzito wa kolekole, mafuta yanamng’aa midomoni. Wallahi, afadhali bakora.

Na juu ya chukuchuku kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Magoti ya Shangazi yalikuwa yamekwisha. Alituambia waziwazi siku ya kwanza, tumeinama tunapanga vifuu: masika yakikaribia, mmoja wetu atapewa ufunguo wa banda na kukaa naye katika nyumba ile, mwingine ataozwa Kiwangwa, kwa watu waliokwisha kuja kuuliza. “Na mimi sitachagua kwa mdomo,” alisema. “Mtajichagua wenyewe kwa mikono yenu.” Kiwangwa sikukutaka. Lakini si kwamba niliutaka uwanja, wala ufunguo. Nilimtaka Shangazi. Nilitaka mwanamke yule mrefu, mkali, mwenye sauti ya kusikika mpaka msikitini, aniite mwanangu.

Aliyeitwa mwanangu alikuwa Zuhura. Mambo yalianza wiki ileile ya kwanza. Shangazi alikuwa akikaa kwenye mlango wa jikoni juu ya mkeka wake, anasuka ukili wa mikeka, hatutazami. Wingu likatokea. Nikasimama katikati ya upande wangu, mikono kiunoni, najiuliza nianue, nisianue. Mara nikasikia: “Zuhura, mwanangu, anua!” Zuhura akaruka, akabeba. Mimi nikabaki nimesimama nalingoja jina langu. Nikangoja, Shangazi akaendelea na ukili wake. Nilipotanabahi, matone yalikuwa yananipiga mgongoni na upande wangu umelowa chapachapa. Siku nyingine likaja wingu jeusi kuliko lile, nikaanza kubeba mbiombio. Zuhura akageuza shingo kutazama mlangoni. “Liache hilo, mwanangu, linapita,” akaambiwa. Likapita. Mbata yake ikapata jua mpaka alasiri, yangu ikavunda bandani. Jioni nilikula chukuchuku, na sikumbuki kama nilimaliza.

Zuhura hakuwa na roho mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mwenye roho mbaya unamchukia, unapumzika. Jioni moja Shangazi alipoinuka kwenda kuswali magharibi, Zuhura alinyanyua bakuli lake akanimiminia mchuzi haraka haraka kwenye sahani. “Kula dada, hajaona.” Nililitazama tui lile likiingia kwenye wali wangu mkavu. Njaa ilikuwa inanikata. Nikainamisha sahani, nikawamwagia kuku. “Sitaki makombo ya mtu anayeitwa,” nikamwambia. Hakunielewa, alikodoa macho tu. Leo nilipomkumbusha alisema hakumbuki kabisa. Mimi nakumbuka mpaka rangi ya kuku aliyewahi kufika, na ningemwaga tena.

Nikajishauri kwamba labda ni mahali tu. Upande wa Zuhura uko miguuni pa Shangazi, wangu uko mbali. Anayemwona ndiye anayemwita. Hilo lilinituliza kidogo. Nikamwendea, nikapiga goti.

“Shangazi, naomba tubadilishane na Zuhura. Upande wa uchochoroni una vumbi.”

Akanitazama juu mpaka chini. “Vumbi?”

“Ndiyo, Shangazi.”

“Haya, badilishaneni.”

Asubuhi yake nilipanga vifuu vyangu upande wa jikoni kwa madaha, nikafagia mbele ya mlango, nikaweka kata ya maji karibu ili akisikia kiu asiinuke. Shangazi akatoka. Akautazama uwanja. Akaukunja mkeka wake, akautia kwapani, akatembea kwa magoti yale mabovu, polepole, anasimama anapumzika, anaendelea, akauvuka uwanja wote mpaka mlango wa uchochoroni. Akautandika pale. Akakaa, akashika ukili wake. “Zuhura, mwanangu,” alisema, “kweli huku kuna vumbi.” Nimefiwa na mume, nimefiwa na mtoto, nimeona mengi duniani. Lakini donge nililolimeza asubuhi ile hadi leo najua lilipopitia.

Basi nikaamua kuwa mjanja. Kama haniiti, nitaliiba hilo neno lake. Mbingu sikuitazama tena, nilitega sikio. Zuhura akiitwa aanue, nami naanua. Akiambiwa aache, nami naacha. Kwa majuma kadhaa mbata yangu ilitoka nyeupe sawa na yake, nikala wali wa nazi, mashavu yakarudi. Nilijiona hodari, kumbe sijui lolote. Siku moja vuli imekaribia, joto limebana, hata kuku wamelala chini, nikaisikia ile sauti: “Zuhura, mwanangu, anua!” Nikanyakua pakacha. Nilikuwa nimekwisha kuingiza karibu upande wangu wote Shangazi aliponiona.

“We Tatu! Nani kakuita?”

“Mvua inakuja, Shangazi.”

“Umeiona wapi?”

Kweli sikuwa nimetazama juu.

“Nimemwita Zuhura. Wewe sikukuita. Rudisha.”

“Shangazi!”

“Rudisha nje, nasema. Yote. Uianike ilivyokuwa.”

Nikarudisha. Zuhura alisimama mlangoni mwa banda, mikono kichwani, anamtazama Shangazi, ananitazama mimi. Nilibeba, nikapanga, nyama juu, mstari baada ya mstari, na nilikuwa sijamaliza tone la kwanza liliponiangukia. Sikukimbia. Nilisimama palepale na mbata yangu, tukalowa pamoja, nikimtazama Shangazi usoni. Naye alinitazama, hakupepesa. Nililia vya kutosha, na kwa bahati mvua ilikuwa kubwa.

Baada ya siku ile nikawa mwoga. Kiwingu kikichungulia tu upande wa bahari, mimi pakacha kichwani. Jua likawaka wiki nzima, mbata yangu inajipika bandani. Chukuchuku. Nikapandwa na hasira, nikaapa sianui tena kitu. Nikakaa nimekunja mikono, mawingu yanakuja yanapita, namcheka Zuhura anavyohangaika kubeba, mpaka siku moja mvua ikaja kutoka bara, hata salamu haikutoa, ikanichukulia kila kitu. Chukuchuku tena. Nilikonda mpaka kanga inaniporomoka. Zuhura naye, huyo anang’aa! Shangazi alimsuka nywele kila Ijumaa, akampaka mafuta, akamwimbia. Nilikuwa nikiwapita nimebeba taka, najifanya sisikii.

Ilikuwa katika kusugua ukungu kwenye mbata iliyoharibika, ili angalau tukamue mafuta ya kuwashia taa, ndipo nilipoona jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Nilikuwa naanua mvua ya jana. Jana ikinyesha, leo naogopa. Jana ikiwa kavu, leo nafanya jeuri. Wingu lenyewe la leo, lile lililokuwa juu ya kichwa changu, sikuwa nimelitazama hata mara moja, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye ule mkeka. Nilikaa pale na kitambaa mkononi, nikajicheka, halafu nikakasirika upya.

Leo, tukiwa kwenye chai, Zuhura alisema, bila mimi kumuuliza, kwamba huko Kiwangwa ameozesha makopa ya muhogo mwaka hadi mwaka. “Mbingu siijui mimi, dada. Nilikuwa naisikiliza sauti tu. Nilipoolewa, ikawa marehemu akiwa shambani akiona wingu anapiga kelele toka kule kule, we Zuhura, anua! Majirani wakicheka.” Akafuta machozi kwa pindo la kanga. Nikamtazama, nikasema pole, na moyoni nikasema loo, hata huko alipata wa kumwita.

Nikaanza kuutazama uwanja kwa njia nyingine. Nilijiuliza: kila nikianua yote, nitajuaje mvua hiyo ingeifanya nini mbata? Si kila mvua inaozesha. Yako manyunyu yanayopita, jua likarudi, na mbata iliyokwisha kuonja jua inakauka vizuri kuliko ile iliyorundikwa bandani. Lakini huwezi kuyajua hayo kama huachi kitu nje. Basi kila nilipoanua, niliacha mbata ya pakacha moja katikati ya uwanja makusudi, mvua iifanye itakavyo. Na kila nilipoacha nje, niliingiza ya pakacha moja bandani, nione joto litaifanya nini. Nililiita pakacha la kuuliza. Nililipoteza mara nyingi, tena nikijua nalipoteza, na kwa ajili yake nilikula chukuchuku siku ambazo nisingekula. Lakini sasa chukuchuku ile nilikuwa nimeinunua mwenyewe, na ladha yake ilikuwa nyingine.

Shangazi aliliona pakacha lile limelowa peke yake. “Hilo umelisahau?” akauliza.

“Sikulisahau, Shangazi.”

Akaguna. Kuguna tu, akarudi kwenye ukili wake. Nililibeba guno lile wiki nzima.

Nikajifunza na moshi wa jiko la Bi Mgeni, jirani yetu. Ukipanda wima, wingu la baharini ni la kupita, hata liwe jeusi vipi. Ukilala, ukaingia kwetu chini ya ua, basi mvua inakuja, nami ninao muda wa kubeba upande wote na kunawa miguu. Si kwamba sikukosea tena. Nilikosea, lakini sasa nilijua nimekosea nini. Mbata nyeupe ikaanza kutoka upande wangu, pakacha kwa pakacha, na siku zikaja ambapo Shangazi alimwita Zuhura aanue, mimi nikabaki nimekaa zangu, moshi umesimama wima, na mvua isije. Nilidhani siku kama hizo atageuka anitazame. Hakugeuka.

Masika yalipokuwa karibu, Bi Mgeni alikuja alasiri moja kutafuna tambuu na Shangazi jikoni. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nachambua dagaa. Walidhani nimekwenda kisimani.

“Mwajuma, Mungu anakuona,” Bi Mgeni alisema. “Yule mtoto mkubwa unamtesa. Mmoja unamwita, mwingine unamwacha analowa. Kakukosea nini?”

“Hajanikosea.”

“Basi?”

“Zuhura akinyeshewa analia, akimaliza kulia ananitazama mimi. Huyo ni wa kuitwa, na ataolewa apate wa kumwita. Tatu nilimrudisha kwenye mvua kwa mdomo wangu huu, akanitazama kwa hasira, na baada ya hapo akajifunza kutazama juu. Sasa huyo nikimzoeza sauti yangu, nikifa nani atamwita? Uwanja nampa yeye. Nimekwisha kumpa zamani, hajui tu.”

“Na kumwita mwanangu, nako kunazuia mbata isikauke?”

Nikamsikia Shangazi anatema tambuu.

“Nikimwita mwanangu,” alisema, “nitamwonea huruma.”

Mwingine angeruka kwa furaha. Nimeshinda! Sendi Kiwangwa, ufunguo ni wangu, Shangazi mwenyewe kasema. Mimi nilikaa pale na ungo wa dagaa mapajani, na siku zote za mwaka ule sikuona wivu kama niliouona alasiri ile. Kumbe nilikuwa nimechaguliwa tangu zamani, na nilichochaguliwa ndicho hicho: kutoitwa. Zuhura alikuwa ananyeshewa neno mwanangu asubuhi na jioni kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kupewa, na mimi nilipewa kila kitu kingine. Ningeingia jikoni papo hapo nikasema, chukueni uwanja wenu, niiteni. Sikuingia. Nilimaliza dagaa nikawaosha.

Watu wa Kiwangwa walikuja kumchukua baada ya nikaha. Shangazi alimwogesha kwa mikono yake, akamvika kanga, akamfungia vitu vingi kwenye kikapu mpaka kikagoma kufungika. Akamwagiza: mihogo ukiianika usiiache peke yake, mtungi uufunike, ukiona kiza upande wa milimani mwite mumeo. Mwanangu hivi, mwanangu vile, mwanangu, mwanangu. Alilia, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona analia. Nilitoka nikasimama uwanjani mpaka sauti za watu zikaishia njiani. Akaja nyuma yangu, akafungua fundo la pindo lake, akanitupia ufunguo miguuni.

“Shika,” alisema.

“Ahsante, Shangazi.”

“Kesho kuna nazi za kupasua.”

Niliishi naye mpaka macho yake yakafa, na baadaye yeye mwenyewe. Mume wangu alihamia humo humo, watoto wangu walizaliwa katika harufu ile. Nilimwosha Shangazi, nilimlisha, nilimbeba kumweka mlangoni aote jua. Wingu likija alikuwa akilisikia kwa ngozi. Namwona anainua shingo, midomo inaachana kidogo, na mimi nimesimama na pakacha langu tupu, nangoja. Miaka yote ile, kila wingu, nilingoja. Kisha anafumba mdomo, na mimi naanua kwa kuona kwangu mwenyewe, au naacha, na karibu mara zote napatia.

Leo chai ilikuwa imekwisha, Zuhura anamenya nanasi, wingu likaibuka upande wa baharini. Jeusi, pana, la kutisha watoto. Nikatupa jicho kwa jirani, ambaye alikuwa anakaanga mihogo kwa kuni: moshi umesimama wima. Linapita hilo, nilijua kama ninavyolijua jina langu. Nikakaa zangu, nikachukua kipande cha nanasi.

Zuhura mbingu haijui. Aliinua shingo, akaweka kisu chini, akaanza kuhangaika, anazitazama nazi, anatazama juu. Sijui alisahau yuko wapi, au alikumbuka mno. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipomzika Shangazi mwenyewe, kali, ya kusikika mpaka msikitini, sauti aliyokwenda nayo Kiwangwa na kukaa nayo miaka yote:

“Tatu, mwanangu, anua!”

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. “Yarabi! Nisamehe dada. Mimi mdogo wako nakuita mwanangu, jamani, sijui imenitokaje.”

Lakini nilikuwa nimekwisha kusimama. Nilichukua pakacha, mgongo unaniuma, goti linalia, nikaanua kifuu kimoja kimoja, mstari baada ya mstari, mpaka kile cha mwisho kabisa. Sikuacha kitu nje cha kuuliza. Nikaingiza ndani, nikafunga mlango, nikarudi nikakaa karibu naye mkekani, tukilitazama wingu.

Mvua haikunyesha.